Kalsiamu ya mgonjwa wa ICU: jinsi ya kuipima bila chupa kukudanganya

Hii naandika kwaajili ya manesi, matabibu na watu wa maabara tulioko huku kusini, Mtwara na Lindi, mana wodi za ICU zimeongezeka sana tangu zile hela za UVIKO-19 za mwaka 2021, ile trilioni 1.3, monita zimekuja, vitanda vizuri vimekuja, sehemu nyingine hadi mashine ya gesi za damu, ile inayopima hewa na asidi kwenye damu, ipo mezani, lakini kile kitendo cha kuchota damu mililita tatu na kuifikisha salama kwenye mashine bado kila mtu anakifanya kivyake, na kalsiamu ndio kipimo kinachoumia kuliko vyote. Potasiamu watu wanaiogopa, sukari watu wanaijua, kalsiamu inaandikwa mwisho wa fomu kama nyongeza tu. Alafu majibu ya ajabu yakija, mgonjwa anatibiwa kwa namba iliyotengenezwa na chupa.

Mimi yalinikuta. Miaka yangu ya mwanzo kazini, hospitali ambayo siitaji, zamu ya usiku, nilichota damu ya baba mmoja, chupa ya kofia nyekundu haikujaa, ya zambarau imejaa vizuri, nikaona si vibaya nikaongezea kidogo kutoka ile ya zambarau. Majibu yakarudi potasiamu juu ya 9, kalsiamu chini ya 1. Daktari wa zamu akaja mbio, insulini na glukosi zikaandaliwa kwenye bomba la sindano, na wakati huo ECG ya mgonjwa, ule mchoro wa umeme wa moyo, ni ya kawaida kabisa, mwenyewe katulia anatuangalia. Aliyemuokoa ni kaka wa maabara, alipiga simu akaniuliza, "Sista, hii damu uliichanganya na ya zambarau?" Ile chupa ya zambarau ndani ina EDTA, na EDTA hiyo ni chumvi ya potasiamu, kazi yake ni kukamata kalsiamu yote ili damu isigande, kwahiyo tone chache tu zikiingia kwenye chupa nyingine unapata potasiamu ya kutisha na kalsiamu ya maiti kwa mtu ambaye hana shida hiyo kabisa. Insulini ile ingeingia, tungemshushia baba wa watu potasiamu yake ambayo ilikuwa sawa, na sukari juu yake. Toka siku hiyo nikiona potasiamu iko juu sana na kalsiamu iko chini sana kwa pamoja, swali langu la kwanza ni chupa, la pili ndio mgonjwa.

Kabla hujashika sindano: unapima kalsiamu ipi?

Kalsiamu kwenye damu haiko sehemu moja. Karibu nusu yake iko huru, inatembea peke yake. Asilimia 40 hivi imeng'ang'ania protini, na protini kubwa hapo ni albumini. Inayobaki, kama asilimia 10, imeshikana na vitu vidogo kama sitreti, fosfeti na laktati. Inayoufanya moyo upige, misuli ikaze na damu igande ni ile huru peke yake. Chukulia mkulima wa Tandahimba ana korosho tani mbili ziko ghalani kwenye chama cha msingi zinasubiri mnada, na mfukoni ana elfu kumi. Zote ni mali yake, ila mchele wa leo jioni atanunua kwa ile elfu kumi. Kalsiamu jumla ni korosho na hela vikihesabiwa pamoja, kalsiamu huru ni ya mfukoni.

Kwa mtu mzima kalsiamu jumla inakaa kati ya 2.2 na 2.6 mmol kwa lita, na kalsiamu huru kati ya 1.15 na 1.30 hivi, maabara yako inaweza kuwa na mipaka iliyopishana kidogo, tumia ya kwao. Mashine nyingine zinatoa kwa miligramu kwa desilita, hapo gawanya kwa 4 upate mmol, yaani 8.8 ni sawa na 2.2. Usipite bila kuangalia kipimio, nimeona mtu kaandika "kalsiamu 4.6 iko juu sana" kumbe ni kalsiamu huru kwa miligramu, ambayo ukigawanya ni 1.15, mgonjwa yuko sawa.

Kwa mtu wa kawaida anayekuja kliniki kwa miguu yake, kalsiamu jumla inatosha, ghala na mfuko vinaenda pamoja. Kwa mgonjwa wa ICU haviendi pamoja. Albumini imeshuka kwasababu anaumwa sana na kala kidogo, kawekewa maji mengi ya dripu, damu ina asidi au imekosa asidi, kaongezewa damu yenye sitreti, figo hazichuji. Kwahiyo kama hospitali yako ina mashine inayopima kalsiamu huru, na mashine nyingi za gesi za damu zinaipima, huyo mgonjwa mpime kalsiamu huru. Kama haipo, chini huko nimeeleza.

Hatua ya 1: nani apimwe

Kila anayeingia ICU apimwe mara moja akifika, hilo halina mjadala kwangu. Baada ya hapo wa kuangaliwa kwa karibu ni aliyeongezewa damu nyingi, mwenye maambukizi makali ya damu, mwenye figo zilizofeli, kongosho lililovimba, malaria kali, aliyepondwa misuli kwenye ajali, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goita mana zile tezi ndogo za parathiroidi zinazosimamia kalsiamu zinaweza kuguswa, na yeyote mwenye degedege au ECG yenye QT ndefu (ule muda moyo unaotumia kukaza na kulegea tena) ambayo hujui imetoka wapi.

Wanawake waliotoka damu baada ya kujifungua nawaweka peke yao, mana huku ndio tunaowapokea mara nyingi. Mama kaletwa na ambyulansi kutoka wilayani, ameshapewa chupa mbili za damu njiani, akifika anapewa nyingine tatu. Mfuko mmoja wa damu ya mililita 450 una mililita 63 za dawa ya kuzuia isigande, CPDA-1, na ndani yake kuna sitreti. Sitreti inakamata kalsiamu huru. Ini likiwa zima na mwili una joto, sitreti inaondolewa fasta na huoni kitu. Ila huyu mama yuko kwenye shoki, kapoa, ini halipati damu ya kutosha, sitreti inarundikana, kalsiamu huru inashuka, na kalsiamu ikishuka damu haigandi vizuri na mji wa mimba na moyo vinakosa nguvu ya kukaza, kwahiyo anazidi kutoka damu na nyie mnazidi kuongeza. Hapa ndio kipimo cha kalsiamu jumla kinaweza kukusaliti kabisa, mana kalsiamu iliyoshikwa na sitreti bado inahesabiwa kwenye jumla, namba inakuja nzuri tu na mama anaondoka. Huyu anapimwa kalsiamu huru mapema kabisa, na tena kila baada ya chupa chache za damu, usisubiri kesho asubuhi na vipimo vya raundi.

Hatua ya 2: ongea, alafu kagua mkono

Hata kama yuko kwenye mashine ya kupumulia, msalimie. "Shikamoo mzee, nakuchukua damu kidogo mkono wa kulia." Wengi wanasikia. Na ndugu walioko nje waambie mapema, mana huku manung'uniko ya "kila saa wanamnyonya damu" yanaanza haraka, waeleze kwamba mililita tatu haijazi hata kijiko cha chai na kwamba kipimo hiki kinaangalia moyo. Ukimheshimu bibi aliyekaa kwenye benchi, naye hatokuja kuzuia kipimo cha pili usiku.

Sasa kagua kinachoingia mwilini. Mkono wenye dripu usiuguse, nenda mkono mwingine, na kama mikono yote ina dripu basi chota chini ya kanula, upande wa vidole, na dripu uwe umeifunga dakika mbili tatu kabla. Dripu ya chumvi itakupunguzia kalsiamu kwa kuizimua na maji. Dripu ya Ringer yenyewe ina kalsiamu ndani. Na kama kuna kalsiamu inaingia kwenye laini kubwa ya shingoni, usichote laini hiyo, utapima dawa uliyoweka mwenyewe. Laini ya ateri ikiwepo, vuta na utupe ile damu ya kwanza, angalau mara tatu ya ujazo wa mrija, ndio uchote ya kupima, mana mle kuna maji ya kusafishia laini na mara nyingi yana heparini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Hatua ya 3: kuchota

Mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika moja. Ukikaa sana maji yanatoka kwenye mshipa, protini zinabaki zimerundikana na kalsiamu iliyozishika inapanda kwenye jumla. Na usimwambie mgonjwa akunje na kukunjua ngumi, ile misuli inatoa laktati, damu inakuwa na asidi, kalsiamu huru inapanda kidogo. Ukiweza kupata mshipa bila mpira, vizuri zaidi. Damu ya veni inafaa kwa kalsiamu huru, tofauti yake na ya ateri ni ndogo, usimchome mtu ateri kwaajili ya kalsiamu tu.

Mpangilio wa chupa ufuatwe kila siku hata kama umechoka: chupa za kuotesha vimelea kwanza, alafu bluu, alafu nyekundu au ya njano yenye jeli, alafu ya kijani, zambarau, mwisho ya kijivu. Kalsiamu jumla inatoka kwenye nyekundu, njano au kijani ya lithiamu heparini. Bluu ina sitreti, zambarau ina EDTA, kijivu mara nyingi ina oksaleti, zote tatu zinakamata kalsiamu, hazifai hata kidogo. Na kama unachota kwa bomba la sindano alafu unagawa, ncha isiguse ukuta wa chupa ya zambarau alafu ikaenda nyekundu. Chupa ikipungua usijazie kutoka nyingine, chota upya. Mgonjwa kuchomwa mara ya pili kunaumiza, najua, ila kunaumiza kidogo kuliko kutibiwa ugonjwa ambao hana.

Sasa kalsiamu huru, hapa nitakaa kidogo mana ndio tunapokosea wengi. Kuna mabomba maalum ya gesi za damu ambayo yana heparini kavu ndani, iliyosawazishwa na kalsiamu tayari, hayo ndio sahihi na kama bajeti inaruhusu msifanye ubahili hapo. Shida ni kwamba yakiisha, na yanaisha, tunachukua bomba la kawaida tunavuta heparini ya vailo ya yuniti 5000 kwa mililita, tunapaka ukutani, tunasukuma nje tunasema imeisha. Haijaisha. Pale shingoni mwa bomba na kwenye sindano kunabaki kama 0.1 ya mililita. Piga hesabu: 0.1 ya heparini ya 5000 ni yuniti 500, ukichota damu mililita 3 unapata yuniti kama 167 kwa kila mililita ya damu, wakati kwa heparini isiyosawazishwa inashauriwa isizidi kama 15. Heparini yenyewe inashika kalsiamu huru. Kwahiyo mgonjwa wako mwenye 1.16 atasomeka yuko chini, kila siku, wodi nzima ina kalsiamu ya chini, na hakuna anayeshangaa.

Ukilazimika, kaeni na maabara mkubaliane njia moja. Ninayoipenda mimi ni kuachana na heparini kabisa, jaza chupa ya njano yenye jeli mpaka juu, isifunguliwe kofia, izungushwe kwenye sentrifuji ikiwa imefungwa, na ipimwe kalsiamu huru papo hapo ikishafunguliwa, bora muulize kwanza kama mashine yenu inakubali siramu, yale maji yanayobaki damu ikishaganda. Njia nyingine ni heparini nyepesi zaidi kuliko ile ya 5000, isukumwe nje yote kwa nguvu, na damu ichotwe nyingi, mililita 3 au zaidi, isiwe ile nusu mililita. Chochote mtakachochagua kifanyike hivyo hivyo na kila mtu, mchana na usiku, ili namba ya leo uweze kuifananisha na ya jana.

Ukishachota, toa mapovu ya hewa yote, weka kizibo, sindano iende moja kwa moja kwenye sefti boksi usiirudishie kofia yake, alafu viringisha bomba katikati ya viganja taratibu na uligeuze juu chini mara kadhaa. Usitikise kama unachanganya dawa ya maji ya mtoto, seli zitapasuka.

Kwanini hewa ni adui: damu ikikaa na hewa kabonidayoksaidi inatoka, asidi inapungua, pH (namba inayopanda asidi ikipungua) inapanda, na pH ikipanda albumini inakamata kalsiamu zaidi, ile huru inashuka. Kila pH inapopanda kwa 0.1, kalsiamu huru inashuka kama 0.05 mmol. Haya yanatokea kwenye bomba, na yanatokea ndani ya mgonjwa pia, mtu anayepumuliwa na mashine kwa kasi kubwa kupita kiasi anaweza kupata ganzi na kukakamaa vidole na kalsiamu yake jumla haijasogea hata nukta. Kwahiyo ukipokea kalsiamu huru bila pH yake pembeni umepokea nusu ya majibu.

Hatua ya 4: safari ya kwenda maabara

Bomba la gesi za damu lipimwe ndani ya dakika 30, kwenye joto la kawaida la chumba. Likichelewa, seli zinaendelea kula sukari na kutoa laktati, asidi inapanda, kalsiamu huru inapanda kwa uongo. Usiliweke kwenye barafu ukidhani unasaidia, mabomba ya plastiki hayahitaji barafu kwa muda mfupi huo na potasiamu inaharibika. Ila na "joto la chumba" la Mtwara mwezi wa kumi na moja umeme ukiwa umekatika silo linaloandikwa kwenye vitabu, kwahiyo usiache bomba dirishani jua linapiga wala mfukoni mwa koti ukazunguka nalo wodi tatu. Nenda nalo mwenyewe, au mpe mtu anayeenda sasaivi, na mpigie simu mtu wa maabara umwambie inakuja.

Chupa ya kalsiamu jumla ni mvumilivu zaidi, iache igande dakika 30, izungushwe, siramu itenganishwe na seli ndani ya masaa mawili hivi, hapo inakaa vizuri kwenye friji. Hii ndio unaweza kuituma mbali ikibidi. Kalsiamu huru usiitume Dar, kilomita zaidi ya 500 kwenye basi, hata kama kuna mtu anakwambia inawezekana. Hata kutoka Lindi mjini kuja Mtwara, kilomita mia na kitu, umeshachelewa.

Lebo iandikwe kitandani, sio kaunta. Jina, namba ya faili, saa uliyochota, mkono gani, na kama kuna kalsiamu au damu inaingia muda huo. Ile saa ndio ya muhimu kuliko watu wanavyodhani, mana bila saa mtu wa maabara hajui akatae au akubali.

Hatua ya 5: huko maabara

Nitapita haraka, wenyewe mnajua kuliko mimi. Kontroli, zile sampuli ambazo majibu yake yanajulikana tayari, zipimwe kila siku kabla ya mgonjwa wa kwanza na tena umeme ukikatika na kurudi. Siramu yenye weupe wa mafuta au wekundu wa damu iliyopasuka iandikwe kwenye majibu.

Jambo moja tu nalisisitiza, maji. Mkipima kalsiamu jumla kwa mkono, kwa zile rijenti za kubadilika rangi, vyombo vikioshwa kwa maji ya bomba na visisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke na kutoneshwa, mnapima kalsiamu ya bomba. Angalia birika lako la chai nyumbani, ule ukoko mweupe unaojijenga ndani, hiyo ni kalsiamu kwa sehemu kubwa. Na hili sio jipya. Mwaka 1883 daktari Sydney Ringer kule London aliandika kwamba moyo wa chura aliokuwa ameutoa nje ulipiga vizuri kwenye maji ya chumvi, alafu alipotumia chumvi ile ile na maji safi yaliyotoneshwa ukaacha kupiga, akaja kugundua mara ya kwanza maji yalichukuliwa bombani na yalikuwa na kalsiamu ndani. Ndio tukajua moyo unahitaji kalsiamu, na ndio jina lake lipo kwenye ile dripu tunayotundika kila siku. Maji ya bomba yaliuendesha moyo wa chura, yatashindwaje kuharibu kipimo chako.

Hatua ya 6: kusoma majibu

Kuna ile fomula tuliyofundishwa chuoni: chukua kalsiamu jumla, ongeza 0.02 mara 40 kutoa albumini kwa gramu kwa lita. Mfano mgonjwa ana kalsiamu 1.85 na albumini 22. Arobaini kutoa 22 ni 18, mara 0.02 ni 0.36, ukijumlisha unapata 2.21, unasema yuko sawa unaenda kunywa chai. Mgonjwa huyo huyo ukimpima kalsiamu huru unaweza kukuta 0.95. Fomula haijui pH, haijui sitreti, haijui fosfeti, ilitengenezwa kwa watu ambao hawako kwenye hali hii, na kwa wagonjwa mahututi imeonekana mara kwa mara kukosea. Mimi siitumii kumruhusu mtu apite. Natumia kama sina kingine, na nikiitumia naandika kwenye faili kwamba hii ni hesabu, sio kipimo.

Namba za kukufanya unyanyuke: kalsiamu huru chini ya 0.8 hadi 0.9, au kalsiamu jumla chini ya 1.9, au dalili zozote bila kujali namba, mwite daktari muda huo huo na weka ECG. Upande wa juu, kalsiamu jumla ikivuka 3.5 nayo ni dharura. Ile ya kati, mtu ana kalsiamu huru 1.05, hana dalili, ECG nzuri, hiyo ni kawaida sana kwa wagonjwa mahututi na haijaonekana wazi kwamba kukimbilia kuijaza kunamsaidia, ongea na daktari, tafuta chanzo, rudia kipimo. Namba ikigongana na mgonjwa unayemuona, rudia kipimo kabla ya kila kitu, isipokuwa kama anakakamaa au moyo unaenda vibaya, hapo matibabu hayasubiri karatasi.

Kama hakuna mashine ya kalsiamu huru

Vituo vingi viko hivi, tusijidanganye. Hapo unaunganisha: kalsiamu jumla, albumini, ECG ukiangalia QT, na mikono yako. Muulize kama anahisi ganzi mdomoni na kwenye vidole. Fanya kipimo cha Trousseau, funga ile kitambaa cha presha, panda juu ya presha yake ya juu kwa kama 20, subiri dakika 3, kiganja kikijikunja chenyewe vidole vimebana pamoja, kalsiamu iko chini. Ile ya Chvostek ya kugonga shavu mbele ya sikio ni rahisi ila hata watu wengine wasio na shida ya kalsiamu huwa nayo, usiitegemee peke yake. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa za usingizi hatokwambia chochote kuhusu ganzi, kwahiyo QT ndio inabaki kuwa mdomo wake. Na mama wa kutoka damu aliyepewa damu nyingi haraka, na presha haipandi pamoja na damu yote hiyo, mwambie daktari afikirie kalsiamu hata kabla ya namba.

Hatua ya 7: kurudia

Daktari akiandika kalsiamu, angalia ni ipi. Ampuli ya mililita 10 ya kalsiamu glukoneti asilimia 10 ina kama mmol 2.2 za kalsiamu, ya kalsiamu kloraidi ina 6.8, mara tatu yake, na kwa macho zinafanana. Inaingia taratibu, dakika 10 hivi kwa mtu mzima mwenye dalili, monita ikiwa imewashwa, na uangalifu wa ziada kama anatumia digoksini, ile dawa ya moyo. Mshipa uwe mzuri kweli, ikivuja nje inaozesha nyama. Isipite laini moja na baikaboneti wala seftriaksoni, inaganda mawe ndani ya mrija, na kwa kichanga seftriaksoni na dripu yenye kalsiamu havikutanishwi kabisa.

Kazi ya dozi moja haidumu, ndani ya masaa machache inaweza kurudi chini. Kwahiyo pima tena, mkono mwingine, chupa ile ile, bomba la aina ile ile, na uandike saa ya dawa karibu na saa ya damu. Mwenye damu inayoendelea kuongezwa usimuache masaa, mpime mara kwa mara mpaka atulie. Kama umeweka mara mbili na haipandi, omba magneziamu ipimwe, mana ikiwa chini ile homoni ya parathiroidi haitoki vizuri na wala haifanyi kazi yake, utamwaga kalsiamu usiku kucha. Na wakati wa kukabidhiana zamu msiseme tu "kalsiamu ilikuwa chini tukampa", sema ilikuwa ngapi, huru au jumla, pH ilikuwa ngapi, ilichotwa saa ngapi kwa chupa ya rangi gani, alafu mpeleke anayepokea zamu mpaka kitandani amuonyeshwe ni mkono upi.